Kitanda namba sita hakina kidonda: maswali yenu kuhusu kazi ya nesi

Jamani salaam. Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu pale mwishoni, kwamba kazi nzuri ya nesi haionekani kwa sababu matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea, basi nimepata barua na meseji nyingi kuliko ile mara niliyoandika kuhusu chanjo. Nimechagua sita. Zilizobaki mnisamehe, nyingine zilikuwa matusi tu kwa manesi wa zamu ya usiku na hayo matusi nayajua toka nikiwa na miaka 22.

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni inchaji (nesi msimamizi) wa wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya, mkoa wa Morogoro. Wodi ina vitanda 34 na mara nyingi vimejaa, usiku tunabaki manesi wawili na mhudumu mmoja. Juzi kikaoni mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, kasema kila idara ilete ushahidi wa namba kwamba kazi yake inamsaidia mgonjwa, na watumishi wapya wakija watagawiwa kwa kufuata hizo namba. Maabara wameleta idadi ya vipimo, thieta wameleta idadi ya operesheni, mimi nimekaa na kalamu sijui niandike nini. Nihesabu sindano? (Inchaji aliyekwama)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sindano usihesabu. Ukipeleka sindano 4,000 watakupigia makofi alafu mmoja atauliza "kwa hiyo?", maana sindano ni jasho lako, sio afya ya mgonjwa, na unaweza ukachoma zote hizo na nusu yake zikawa zimechelewa. Hata hao wa maabara na thieta wamepeleka jasho tu, sema wao wana bahati, jasho lao lina risiti.

Kuna daktari aliitwa Avedis Donabedian, mwaka 1966 aliandika makala ambayo mpaka leo kila anayepima ubora wa huduma lazima aipitie. Akagawa mambo mafungu matatu: ulichonacho (manesi wangapi, magodoro gani, glavu zipo au hazipo), unachokifanya (mgonjwa kageuzwa, presha imepimwa, dawa imetolewa kwa wakati), na kilichompata mgonjwa mwisho wa siku. Wewe unaulizwa hilo la tatu. Ila ukilipeleka peke yake utajichoma, utaonekana wodi yako ndo mbaya, kwa hiyo lipeleke likiwa limefungwa kamba moja na yale mawili.

Sasa yanayompata mgonjwa ni mengi na mengi sio ya kwako. Mtu kaletwa na saratani iliyoshasambaa, akifariki huwezi kujibebesha. Tafuta yale ambayo mkono wa nesi ndo unaamua kwa sehemu kubwa: vidonda vya kulalia, wagonjwa kuanguka, maambukizi ya mkojo kwa waliowekewa mpira wa mkojo, nimonia iliyompata mtu humo humo wodini, na lile ambalo wengi hawalifikirii, yaani mgonjwa aliyeanza kubadilika saa nne usiku, mapigo yanapanda presha inashuka, yote yameandikwa kwenye chati vizuri kabisa na hakuna aliyeshtuka mpaka asubuhi. Mwaka 2002 Jack Needleman na wenzake walichambua hospitali 799 kwenye majimbo 11 ya Marekani, wakakuta kwamba kule mgonjwa anakopata masaa mengi zaidi ya nesi aliyesajiliwa, siku za kulazwa zinapungua na maambukizi ya mkojo yanapungua. Na niwe mkweli, vifo vya jumla humo hospitalini hawakuviona vikipungua, kwa hiyo ukiambiwa utafiti ule ulithibitisha kila kitu, aliyekwambia hajausoma.

Kwako wewe anza na mawili tu, kuanguka na vidonda. Ukianza na kumi utaacha wiki ya pili, nakujua.

Kuanguka: usipeleke idadi peke yake. Tuseme Februari ulikuwa na wagonjwa 20 kila usiku na wakaanguka 3, Machi wodi imejaa 34 kila usiku na wakaanguka 4. Mganga mfawidhi ataona Machi ni mbaya. Lakini chukua ile hesabu ya wagonjwa ya saa sita usiku, ambayo tayari ipo kwenye kitabu cha ripoti hata huna haja ya kuanzisha fomu mpya, jumlisha usiku zote za mwezi. Februari ni 20 mara 28, sawa na 560. Machi ni 34 mara 31, sawa na 1,054. Gawanya walioanguka kwa hiyo jumla ya mwezi, zidisha kwa 1,000. Februari inakuja 5.4, Machi 3.8. Umeona? Mwezi ambao wodi ilikuwa na nafasi ndo watu walianguka zaidi, sasa hapo ndo unaanza kujiuliza Februari kulikuwa na nini, labda wazee wengi, labda nesi mmoja alikuwa likizo. Ila usikimbilie kusherehekea wala kulia kwa mwezi mmoja, namba ndogo zinaruka ruka kama panzi, mtu mmoja tu akianguka mara mbili kashaharibu picha yako. Angalia miezi sita.

Vidonda: chagua siku moja kila mwezi, siku hiyo hiyo, manesi wawili, na mmoja atoke wodi nyingine (huyu ni muhimu, jicho la mwenyeji huwa linasamehe), mpite kitanda kwa kitanda mkiangalia ngozi ya kila mgonjwa, visigino, nyonga, mfupa wa makalio, mabega, kisogo. Vitabu vingi vitakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi yetu wekundu unaweza usiuone kabisa, tafuta sehemu iliyozidi weusi au inayoelekea zambarau, ishike, kama ina joto au imekuwa ngumu kuliko ya pembeni yake hapo kuna kitu. Na kila anayelazwa akaguliwe ngozi siku ile ile na iandikwe, maana usipoandika kwamba kaja nacho kidonda kutoka nyumbani, mwezi ujao kitahesabiwa ni cha kwako. Kuna kipimo kinaitwa Braden, kilitoka mwaka 1987, kina vipengele sita tu: anahisi maumivu vipi, ngozi ina unyevu kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula, na anasuguana na shuka kiasi gani. Jumla inaanzia 6 mpaka 23, ikiwa ndogo ndo mbaya, na watu wengi wanaanza kumwekea mgonjwa uangalizi akifika 18 kushuka. Dakika tano kwa mtu.

Alafu pembeni ya kila namba andika zamu ile ilikuwa na manesi wangapi. Huo mstari wa pembeni ndo ushahidi wako wa kuombea watumishi, yale mengine ni ya kuboresha wodi. Na ulinganishe wodi yako na wodi yako ya jana, usikubali ulinganishwe na wodi ya macho.

SWALI: Sista, baba yangu alipata kiharusi akalazwa wiki tatu. Amerudi nyumbani na kidonda makalioni ngumi inaingia. Kila nikienda nawakuta manesi wamekaa mezani wanaandika. Nataka uniambie wazi, ni uzembe au sio uzembe? (Mtoto wa mzee, Tanga)

JIBU: Pole sana mwanangu, na mpe pole mzee. Sikuwepo, kwa hiyo sitasema uzembe wala sitasema sio. Nitakachosema ni kwamba vidonda vingi vya namna hiyo vinazuilika, sio vyote, na kwa mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza kazi ya kuzuia inaanza siku ya kwanza.

Ila hebu tupige hesabu pamoja. Wodi ina wagonjwa kumi wasiojigeuza. Utaratibu wa siku zote ni kugeuza kila baada ya masaa mawili. Usiku wa masaa 12 ni mara sita kwa kila mmoja, yaani mara 60. Kumgeuza mtu mzima vizuri, kumkausha, kunyoosha shuka, ni watu wawili na sio chini ya dakika tano. Hapo tayari ni dakika 300, masaa matano ya watu wawili, hawajatoa dawa hata moja, hawajapokea mgonjwa mpya, hakuna aliyezidiwa. Kama manesi wa usiku ni wawili, nusu ya usiku karibu imekwisha kwa kugeuza tu. Sasa nini kinaachwa? Kinaachwa kile ambacho hakipigi kelele. Dripu ikiisha ndugu anaita, mgonjwa akitapika jirani anaita, lakini ngozi inayokufa taratibu chini ya shuka haimwiti mtu.

Hili sio la Tanga peke yake. Kule Nairobi watafiti waliingia kwenye wodi za watoto wachanga za hospitali sita, miaka ya 2017 na 2018, wakakaa kimya wanatazama na kutiki kila kazi ya nesi iliyofanyika na isiyofanyika. Walikuta mengi yanarukwa, na kwenye hospitali za umma hali ilikuwa mbaya zaidi, nesi mmoja ana watoto kama 15. Hawakuwa wavivu, walikuwa hawatoshi, na wakina mama wenyewe ndo walibeba sehemu kubwa ya kazi.

Kuhusu kuandika. Kuandika ni kazi, asiyeandika anamwachia mwenzake mgonjwa gizani. Lakini nakuapia kuna uandishi mwingine, ule wa saa kumi na mbili asubuhi, kalamu moja, mwandiko mmoja, "kageuzwa saa mbili, kageuzwa saa nne, kageuzwa saa sita" yote kwa pumzi moja. Najua kwa sababu niliwahi kuandika hivyo mimi mwenyewe, usiku mmoja ambao watu watatu walitufia, na mpaka leo ile karatasi nikiikumbuka naona aibu. Kwa hiyo omba uonyeshwe chati ya kumgeuza baba yako na uangalie kalamu. Nenda dawati la malalamiko na tarehe, sio na hasira. Na leo leo mzee apelekwe kidonda kikaguliwe, kama kinatoa harufu au ana homa usingoje kesho.

SWALI: Niko Eldoret nasomea unesi. Mwalimu wetu husema Florence Nightingale ndiye aliyeanzisha takwimu hospitalini, lakini vitabu vyote vina picha ya taa tu. Ukweli ni upi? (Mwanafunzi)

JIBU: Taa ilikuwepo, daftari nalo lilikuwepo, sema daftari halipendezi kwenye picha. Vita vya Krimea, hospitali ya Scutari pale Uturuki, Februari 1855 vifo vilifika kama asilimia 42 ya waliolazwa. Mwezi Machi ikaja tume ya usafi kutoka Uingereza, wakazibua mitaro ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, wakaondoa mizoga, wakafungua hewa, na kufika Juni vifo vikawa kama asilimia 2. Sasa hapa ndo patamu: watu wakampa Florence, aliyekuwa akisimamia manesi pale, sifa yote, lakini aliporudi nyumbani akakaa na mtakwimu William Farr wakapitia namba, mwenyewe akaona kwamba wengi waliuawa na uchafu wa jengo na sio na majeraha ya risasi, na kwamba mitaro ndo ilibadilisha mambo. Akachora mchoro wake wa duara wenye rangi mwaka 1858 kuwaonyesha wakubwa wasiopenda kusoma majedwali, na mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye chama cha watakwimu cha Uingereza. Mtu anayeweza kuhesabu mpaka akajipunguzia sifa mwenyewe, huyo ndo wa kumwiga, taa utanunua dukani.

SWALI: Mimi ni mtu wa data, sio wa afya. Nimesikia mara nyingi kwamba manesi wakiwa wengi wagonjwa hawafi. Sasa hospitali yenye manesi wengi si ndo hiyo hiyo yenye hela, CT scan na madaktari bingwa? Utajuaje aliyeokoa mtu ni nesi na sio hela? (Mbishi wa Kinondoni)

JIBU: Kaka mbishi karibu, wewe ndo msomaji ninayempenda, wengine mnanisifia tu.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Linda Aiken na wenzake, mwaka 2002, hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji 232,342. Walikuta kila mgonjwa mmoja anapoongezwa juu ya mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Waliondoa kwa hesabu tofauti za umri, magonjwa aliyokuja nayo mtu, ukubwa wa hospitali, kama ina teknolojia kubwa au haina. Mwaka 2014 wakarudia Ulaya, nchi tisa, hospitali 300, wagonjwa zaidi ya laki nne, na namba ikarudi ile ile, asilimia 7. Lakini pingamizi lako linabaki, maana hiyo ni picha ya siku moja, umepiga hospitali tajiri na hospitali maskini ukazipanga mstari, na kuna utajiri mwingine hauingii kwenye hesabu hata ufanyeje.

Ndo maana mimi napenda zaidi ule wa Needleman wa 2011, huyu huyu niliyemtaja juu. Safari hii hakulinganisha hospitali na hospitali. Alichukua hospitali moja kubwa, wodi 43, watu karibu laki mbili waliolazwa, na akafuata zamu moja moja, zamu zaidi ya 176,000. Kila zamu ilikuwa na idadi ya masaa ya nesi ambayo hospitali yenyewe ilisema inahitajika. Zamu iliyopungukiwa masaa nane au zaidi, yaani kama nesi mmoja mzima hayupo, iliongeza hatari ya kifo kwa mgonjwa aliyekuwepo kwa kama asilimia 2, na zamu za namna hiyo zikirudia na hatari inajazana. Sasa niambie, CT scan ilikuwa ile ile, madaktari wale wale, hela ile ile, jengo lile lile. Kilichobadilika ni nani kaja kazini Jumanne usiku.

Na kuna serikali iliyojaribu kwa sheria. Jimbo la Queensland kule Australia kuanzia Julai 2016 liliweka kwamba kwenye baadhi ya wodi, kwa wastani, nesi mmoja asizidishe wagonjwa 4 mchana na 7 usiku. Watafiti wakachukua hospitali 27 zilizoguswa na sheria na 28 ambazo hazikuguswa, wakapima kabla na baada. Zilizoguswa vifo vilishuka, baada ya hesabu zote uwezekano wa kufa ulipungua kwa asilimia 11, zile nyingine hazikupata mshuko wa maana. Sio jaribio la bahati nasibu, hilo nakubali, hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu urushe shilingi nani apate nesi nani akose, ingawa wodi zetu nyingi hiyo shilingi inarushwa kila siku na hakuna anayeandika matokeo.

Ungeniuliza mwenyewe naamini nini ningesema hivi: ile asilimia 7 siishiki kama msahafu, lakini kwamba kuna kitu pale sina shaka nacho.

SWALI: Hizo namba zenu kila siku Marekani na Australia. Mimi ni mkunga Shinyanga, nazalisha kwenye leba yenye vitanda vitatu. Kuna chochote kilichopimwa huku kwetu au sisi ni wa kusomewa tu? (Mkunga asiye na jina)

JIBU: Kipo mama, na kingine kimepimwa kwako hapo hapo Shinyanga.

Anza na damu. Wewe na mimi tumefundishwa kukadiria kwa macho damu iliyomtoka mama, unaangalia kitenge kilivyoloa unasema "kama 300 hivi". Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, akina mama 210,132 waliojifungua kawaida. Nusu ya hospitali wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unawekwa chini ya mama, damu inashuka humo unasoma, na ikifika kiwango unaanza vyote kwa mpigo, kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kukagua na kuita msaada, sio kujaribu kimoja ukangoja. Upande wa pili waliendelea kama kawaida, damu yao watafiti waliikusanya na kuipima pia, ila mkunga hakuwa na mistari ya kusoma. Upande wa kawaida, waliotokwa na damu nyingi waliogunduliwa ni kama asilimia 51, nusu nzima ikapita machoni mwa wakunga wazuri tu. Upande wa mfuko, asilimia 93. Na wale waliofikia hatua mbaya kabisa, damu kupita lita moja, kufunguliwa tumbo au kufariki kwa ajili ya damu, walikuwa asilimia 4.3 upande wa kawaida na 1.6 upande wa mfuko. Plastiki na mistari, na mkunga anayejua la kufanya akiufikia mstari. Mimi niliposoma nilikaa kimya muda mrefu nikiwahesabu niliowakadiria kwa macho.

La pili ni watoto. Hospitali ya Haydom, Manyara, waliwahi kuwafundisha wahudumu wa leba kumsaidia mtoto asiyepumua, kozi ya siku moja. Wakawapima kwenye mwanasesere, wamefaulu vizuri. Wakaenda kuwapima leba kwenye watoto wa kweli, hakuna kilichobadilika! Ingekuwa wameishia kwenye mtihani wa mwanasesere wangeandika ripoti nzuri na picha ya pamoja. Wakabadilisha, mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara humo humo kazini, na vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vikashuka kutoka 11.1 kwa kila 1,000 mpaka 7.2. Mbegu hiyo ndo imekuja kuzaa mpango wa Safer Births, vituo 30 kwenye mikoa mitano, Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, vituo vikaingizwa kwa awamu ili viweze kulinganishwa. Matokeo yametoka 2025: vifo vya watoto, wanaozaliwa wafu na wanaofariki siku za mwanzo, kutoka 15.3 kwa kila 1,000 mpaka 12.5. Haikuwa sawa kila mkoa, na hilo nalo ni la kuchimba.

Ifakara nayo isisahaulike, hospitali yao ilikuwa moja kati ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), majibu yakatoka 2009, matatizo baada ya operesheni yalishuka kutoka asilimia 11 mpaka 7 na vifo kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa hospitali zote nane pamoja. Ile ilikuwa kabla na baada tu, kaka mbishi wa Kinondoni ataruka hapo na ana haki yake. Lakini anayesoma ile orodha kwa sauti huku daktari ananuna, mara nyingi ni nani? Nesi wa thieta.

SWALI: Shikamoo sista, nina miezi minane kazini. Bibi mmoja alianguka usiku akienda chooni, taa ya koridoni imeungua mwezi mzima. Nikampima, nikamwita daktari, nikaandika kwenye kitabu. Asubuhi nikaitwa nijieleze kwa maandishi, na mkubwa wangu akaniambia wodi hii haijawahi kuripoti mgonjwa kuanguka, nimeiharibia rekodi. Nijifunze kunyamaza? (Nesi mpya, kusini)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinyamaze.

Wodi ambayo haijawahi kuripoti mtu kuanguka ni wodi isiyoripoti, basi. Nimekaa wodini miaka 31, wazee wanaanguka, walevi wanaanguka, waliotoka thieta wanaamka na usingizi wa dawa wanaanguka. Niliwahi kufanya kazi sehemu tulipewa cheti cha kutokuwa na tukio hata moja kwa mwaka, tukakitundika ukutani, na mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilikuwa nimeinua watu sakafuni mwaka ule nisiokumbuka idadi. Si unaona, idadi siikumbuki kwa sababu hatukuandika.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alienda kupima makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali Marekani, akitarajia timu zinazoelewana vizuri ziwe na makosa machache. Akakuta kinyume, timu nzuri ndo zina makosa mengi kwenye karatasi! Alipochimba akaona sio kwamba wanakosea zaidi, ni kwamba hawaogopi kusema. Alichapisha mwaka 1996 na mpaka leo ni dawa ya mameneja wanaosifia sifuri. Kwa hiyo huyo mkubwa wako asikutishe na rekodi, ila usimvunjie heshima mbele za watu, mfuate pembeni na umwambie unaomba mwandike pamoja.

Na kwenye hayo maelezo wanayotaka usijitetee na wala usimtaje mtu kwa ubaya. Andika saa, alikuwa anaenda wapi, alivaa nini miguuni, kitanda kilikuwa juu au chini, alikuwa amepewa dawa gani kabla, wagonjwa walikuwa wangapi na manesi wangapi, kaumia wapi, daktari kaja saa ngapi, taa imeungua toka tarehe fulani na aliambiwa fundi tarehe fulani. Nakala moja baki nayo. Ukirudi zamu ijayo wapitie wazee wote saa nne usiku kabla hawajalala, uliza nani anataka chooni, hiyo peke yake itakupunguzia safari nyingi za gizani.

Na hiyo taa, ikifika mwezi wa pili haijawekwa niandikie tena. Uweke na tarehe.